Detekta ya kwanza ya kutafuta sarafu: kabla hujatoa hela yako, pita hapa (Dodoma, Singida na jirani)

Hela ya Tundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salama?

Tangu nilipoweka picha ya ile hela ya Mjerumani yenye tundu kwenye uzi mwingine, inboksi yangu haipumui. Swali ni moja: "Mkuu, mashine ipi inaona mbali?" Nimeona nijibu mara moja hapa hadharani, maana swali lenyewe limekaa upande.

Detekta ya sarafu haioni mbali. Sarafu ya ukubwa wa shilingi mia, ikiwa imelala bapa kwenye udongo mzuri, mashine ya kuanzia itaisikia kwenye sentimita 15, ikijitahidi sana 20 au 25. Shibiri moja hivi. Ikiwa imesimama kwa ubavu, hata hiyo shibiri huipati. Anayekwambia mashine yake inaona sarafu mita tano chini anakuuzia chai, na kikombe utalipia wewe.

Sababu si ubovu wa mafundi. Ile sahani ya chini ina nyaya za shaba zilizozungushwa. Waya mmoja unatuma nguvu ya sumaku ardhini, metali ikiguswa nayo inazalisha mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo unarudisha jibu kwenye waya wa pili. Mashine inapima jibu limechelewa kiasi gani, na kwa kuchelewa huko inakisia kama ni chuma, foili au shaba. Nguvu hiyo inakufa haraka sana kadiri unavyokwenda chini, inakwenda na kurudi. Sarafu ni kitu kidogo, jibu lake ni mnong'ono.

Sasa ongeza udongo wetu. Mtu wa Ulaya anaonyesha video anafukua sarafu kwenye shamba la majani laini, udongo mweusi kama keki. Sisi tuna udongo mwekundu, na wekundu ule ni kutu ya chuma. Mashine isiyojua kuusoma udongo huo inaimba muda wote kama redio iliyokosa stesheni.

Nilijifunza hayo kwa maumivu. Mwaka wa kwanza nilipanda basi hadi Dar, nikaingia duka moja Kariakoo, nikanunua mashine isiyo na jina la maana, boksi zuri, picha ya sanduku la dhahabu juu yake. Muuzaji akaitikisa juu ya funguo zake, ikalia. Nikalipa laki tatu na nusu nikiona nimelamba dume. Nilipofika nyumbani, huku Nkuhungu, nikaiwasha uani. Ikalia kwenye kila hatua. Nikapunguza nguvu, ikalia. Nikapunguza tena mpaka ikanyamaza, na ilipokwisha nyamaza hata funguo zangu haikuzisikia, labda nizigusishe sahani. Ile mashine leo inashikilia mlango wa banda la kuku.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe kina. Uliza: hii mashine inajisawazisha vipi na udongo?

Hapo kuna makundi matatu.

Kuna zilizowekwa kiwandani usawa mmoja, huwezi kuubadili. Garrett ACE 250, ambayo wengi mnaikuta mtumba, ni ya kundi hili. Ni mashine nzuri, imefundisha watu dunia nzima, inatumia betri nne ndogo za duka lolote, na masafa yake (kasi ya mawimbi inayotuma ardhini, si umbali) ni kilohezi 6.5 yanayoipenda sarafu ya fedha na shaba. Kwenye mchanga mweupe wa kando ya korongo haina shida. Kwenye udongo mwekundu wa Dodoma inapoteza kina kirefu.

Kuna unazozisawazisha mwenyewe: unashika kitufe, unapandisha na kushusha sahani juu ya ardhi safi, inajifunza udongo wa hapo. Nokta Simplex ya Uturuki inafanya hivyo, kilohezi 12, betri yake ni ya kuchaji kama simu. Ndiyo ninayotumia.

Kuna zinazotuma masafa mengi kwa pamoja, kama Minelab Vanquish. Ile 340 ndiyo ndogo yao, inatumia betri nne ndogo kama ACE. Huisawazishi kwa mkono, inapambana yenyewe. Mtu wa Bahi aanzie hapa bila kubishana na mtu. Ile mbuga ya Bahi ina chumvi, Wagogo wamekuwa wakipika chumvi ya udongo tangu zamani, na udongo wa chumvi ukilowa unapitisha umeme kiasi cha kuichanganya mashine ya masafa mamoja.

Huko zinakotoka, mashine hizi za kuanzia zinacheza kwenye dola 200 hadi 300 hivi, kabla ya usafiri na ushuru. Ukikuta "mpya" kwa laki moja, jua ni ndugu ya ile ya banda langu la kuku.

Na tafadhali, msinunue mashine ya dhahabu kutafutia sarafu. Jamaa wa Chunya na Geita wanatembea na GPX, ile ya dhahabu ya Minelab, ni mashine ya heshima, inapiga udongo mgumu kuliko zote hizi. Lakini ni ya kufukua kila kinacholia. Haitenganishi vizuri msumari na fedha. Utafukua misumari ya kiwanja kizima mpaka mke akuhamishe.

Swali la pili ni takataka, na hapa ndipo Dodoma inamalizia watu. Mtu anachuja "chuma" na "foili", yaani anaiweka mashine isivililie, ili asisumbuke, anabakiza sauti nzuri tu. Angalieni nilichokipata mimi. Hela yangu ya tundu ni heller 5 ya mwaka 1914. Ile ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na ina tundu katikati. Kwenye kioo cha mashine, kinachotoa namba kwa kila metali, ilisoma ishirini na kitu, pale pale inaposoma foili ya pakiti ya sigara. Ningekuwa nimechuja foili, ningepita juu yake.

Shilingi na senti 50 za Mwalimu za mwaka 1966, zile za Mwenge na sungura, nazo ni shaba na nikeli. Hazikai juu kwenye namba kama fedha. Senti 20 yenye mbuni ndiyo inalia vizuri zaidi, ina zinki na shaba nyingi. Na hii mia tano ya leo yenye nyati? Chukua sumaku ya spika uijaribu. Inanata. Ndani ni chuma kilichopakwa nikeli. Ukichuja chuma, mia tano zote zilizodondoka mnadani unawaachia watoto.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, panga sarafu zako zote chini, moja moja, zipitishie sahani, uandike namba zake kwenye daftari. Hakuna kitabu cha maelekezo kinachojua hela zetu.

Nimechoka kuandika. Ulizeni.

---

Sijaoa Bado

Mkuu umetema madini. Nimeweka kambi hapa.

---

Mzee wa Mtaimbo

Kijana umesema vizuri ila umesahau fimbo. Kuna watu wanauza fimbo yenye antena, eti inavuta upande wa mali kutoka mita mia. Nilishuhudia ndugu yangu Manyoni akiuza ng'ombe wawili kwa ajili ya fimbo hiyo. Walichimba shimo la kuzika gari.

---

Hela ya Tundu

Mzee wangu shikamoo. Umenikumbusha jambo kubwa.

Fimbo hizo hazina kitu ndani. Si masihara. Kuna moja iliyoitwa ADE 651, ilitangazwa kuwa inanusa mabomu, ikauzwa Iraki kwa mamilioni ya dola, askari wakasimama nayo kwenye vizuizi. Ilitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Aliyeiuza, Mwingereza James McCormick, alifungwa miaka 10 mwaka 2013. Kama waliweza kuidanganya serikali yenye jeshi, ng'ombe wawili wa Manyoni ni kitafunwa.

Kanuni yangu: chochote kisicho na sahani inayopita juu ya ardhi, achana nacho.

---

mkulima_wa_zabibu

Mkuu mimi nina shamba Mpunguzi, babu alikuwa na kambi ya punda pale. Nimeazima mashine ya rafiki, inalia kama king'ora kila mstari. Nimefukua vipande vya waya mpaka basi. Nifanyeje?

---

Hela ya Tundu

Pole. Shamba la zabibu ni mtihani, kwa sababu ya waya za kutandazia mizabibu. Kila fundi aliyekata waya ameacha kipande chini. Hapo sahani kubwa ni adui yako. Sahani kubwa inameza vitu vitatu kwa mpigo na kukupa jibu la kikubwa. Tafuta sahani ndogo, ya inchi tano au sita, inayopita kati ya takataka. Inapoteza kina kidogo lakini inaona kila kitu peke yake.

Tena anzia nje ya mistari, pale punda walipokuwa wanafungwa na watu wanakaa. Sarafu haidondoki kwenye mzabibu. Inadondoka mtu anapokaa, anapolala, anapolipa.

---

Mnyiramba Halisi

Hapo kwenye kulipa nakazia. Sisi huku Iramba watu wanakwenda porini kutafuta dhahabu ya Mjerumani, wakati hela ilikuwa inadondoka mnadani. Nimepata zaidi kwenye uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe kuliko sehemu yoyote. Uwanja ulihama miaka mingi, umebaki mgunga mmoja mkubwa na vumbi. Niliomba ruhusa kwa mwenye eneo, nikafanya asubuhi tatu. Senti 10 tatu za Mwingereza, zile za tundu za shaba, zinalia kengele kabisa. Na shilingi moja ya simba.

Sasa swali: shilingi ya simba ni ya fedha? Kuna jamaa ananipa elfu tano.

---

Hela ya Tundu

Inategemea mwaka. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na mpaka zile za 1946 ni robo fedha, yaani sehemu 250 kwa 1,000. Za 1948 kuendelea fedha hamna. Usiuze kwa harufu, kwanza soma mwaka.

---

Mnyiramba Halisi

1924. Basi elfu tano yake atanunulia chapati.

---

Chizi Karanga

Wakuu mimi naona mnacheza. Kuna rupia ya 1818 inavuta mchele. Ukipata moja unahama nchi. Mashine ipi inaipata hiyo?

---

binti_kondoa

Hiyo ndiyo imemaliza wanaume wa mtaani kwetu. Eti unaweka punje za mchele, rupia inazivuta. Mjomba alikaa wiki nzima akiangalia mchele kwenye sinia, mchele ukatulia tuli, mwisho shangazi akaupika.

---

Hela ya Tundu

Dada umeniua 😂

Chizi, hizo rupia zenye picha za miungu ya Kihindi, zimeandikwa East India Company na tarehe kama 1616, 1717 na 1818, hazijawahi kuwa pesa. Ni vipande vya hekaluni, vimetengenezwa baadaye sana na tarehe zikachongwa tu. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Inayovuta sumaku ndiyo ipo, na hiyo tumeshasema ni mia tano.

Rupia halisi ya Mjerumani ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yenye ndege juu, ni fedha safi karibu sehemu 917 kwa 1,000, uzito gramu 11.66. Peleka kwenye mzani wa sonara tu, utajua. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64, kisha mwaka 1904 wakabadilisha ikawa heller 100. Hilo "heller" ndilo babu zetu walilitamka "hela". Kwa hiyo kila unaposema huna hela, unamtaja Mjerumani.

Ya ndoto ni moja tu, na inatuhusu watu wa kati. Mwaka 1916 Wajerumani walizingirwa, meli haziji, wakaanza kugonga sarafu wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. Waligonga heller za shaba na shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na zinki), na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, huko huko kwa Mnyiramba. Lakini hizo za dhahabu zilikuwa chache na waliozipata hawakuzidondosha mnadani. Usinunue mashine kwa ajili ya tembo. Heller za kawaida ziligongwa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo. Huu mchezo haulipi kodi ya nyumba.

---

Sijaoa Bado

Nimeghairi kuhama nchi.

---

binti_kondoa

Niongeze mawili, maana naona mnaongea mashine tu.

La kwanza sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinaingia kwenye kumbukumbu za kale, na kuchimba kuvitafuta bila leseni ni kosa. Heller ni za baadaye, sawa, lakini hamuwezi kujua mashine italilia nini. Kwa hiyo maboma ya zamani kama Mpwapwa na Kilimatinde, michoro ya Kolo, makaburi, mkae mbali kabisa. Na mtu akisema anatafuta sarafu huku anapima dhahabu, hapo ni Sheria ya Madini, utaulizwa leseni.

La pili, huku kwetu Kondoa walipigana mwaka 1916, Mjerumani na majeshi ya Jenerali Smuts wa upande wa Mwingereza. Maganda ya risasi yapo mpaka mashambani na yanalia vizuri kama sarafu, ni shaba na zinki. Ukikuta ganda tupu sawa. Ukikuta kitu kizito cha mviringo chenye kutu, usikigonge na jembe kujua ni nini. Ondoka, weka alama, mwambie mtendaji na polisi.

---

Hela ya Tundu

Asante sana dada. Hilo la ruhusa nami nimeungua nalo. Kuna kijiji upande wa Kongwa niliingia shambani kwa mtu niliyeongea naye kwa simu tu. Ndani ya nusu saa nilikuwa na watu kama arobaini. Nimevaa hedifoni, nimeinama, sisikii kitu, nageuka nakuta mama mmoja ameshika mwiko. Wote waliamini nimekuja kuchukua mali ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya mbuyu. Mwenyekiti wa kijiji alipofika nilimvalisha hedifoni, nikaangusha sarafu yangu chini, akaisikia mwenyewe. Akaanza kufukua. Tulipata vizibo viwili na kipande cha sufuria, watu wakacheka, wakaondoka mmoja mmoja. Siku hizi naanzia kwa mwenyekiti na mwenye shamba, na tunakubaliana mgawo kabla sijawasha.

Kongwa yenyewe ina chuma cha ajabu. Mwingereza alileta matrekta ya mradi wa karanga kuanzia 1947, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, mradi ukafa 1951. Bolti bado zipo.

---

Mzee wa Mtaimbo

Na msimu je? Kijana hujasema. Septemba hapa Dodoma ardhi ni sementi.

---

Hela ya Tundu

Kweli mzee, hilo lilistahili kuwa juu kabisa. Mwezi wa kwanza hadi wa nne kuna mtama na uwele shambani, hakuna atakayekuruhusu. Septemba unahitaji huo mtaimbo wako, na sarafu utaikwaruza. Dirisha langu ni mwezi wa tano hadi wa sita, mavuno yametoka na udongo bado una unyevu. Unyevu kidogo unaisaidia mashine pia.

Vya kubeba: sululu fupi ya mkono, maji, na pointa ya mkono kama bajeti inaruhusu. Hiyo pointa ni kama tochi, unaichomeka kwenye shimo inakuonyesha sarafu iko upande gani wa ukuta. Bila hiyo utachekecha udongo kwa vidole mpaka jua likuchome. Shimo ulifukie, na vizibo ondoka navyo.

Na ukipata sarafu USIISUGUE. Heller yangu ya kwanza, ya shaba, ilikuwa na ngozi ya kijani iliyokolea, taji linaonekana. Nikaipeleka jikoni, ndimu na majivu, kama bibi anavyong'arisha sufuria ya shaba. Ilitoka ya waridi kama kidole cha mtoto. Mnunuzi aliiangalia sekunde mbili akairudisha mezani. Maji tu, na mswaki laini ukibidi.

---

mkulima_wa_zabibu

Mrejesho. Nimeazima sahani ndogo, nimeenda pale punda walipokuwa wanafungwa. Kila sauti tamu ninayofukua ni kizibo cha bia. Kwenye kioo kinasoma kama sarafu kabisa! Kizibo si chuma?

---

Hela ya Tundu

Ni chuma, lakini chembamba na duara, kinaidanganya mashine, hasa sahani za umbo la D mbili, zile ambazo nyaya zake mbili zimezungushwa kama herufi D. ACE 250 na 300 zina sahani ya mtindo wa zamani, ya duara ndani ya duara, zinakitambua vizuri zaidi.

Wewe fanya hivi. Ukipata sauti, geuka nyuzi 90 upitishe tena. Kisha sogeza sahani taratibu mpaka kitu kiwe kwenye ukingo wa mbele tu. Sarafu sauti yake inafifia lakini inabaki safi. Kizibo kinaanza kukoroma, sauti ya chuma inajitokeza pembeni na namba inarukaruka. Chukua kizibo na senti 20 uweke nje ya mlango, ufanye mara hamsini jioni. Sikio likishazoea hutasahau.

---

mkulima_wa_zabibu

Nimefanya. Watoto wamejaa uani wanacheza mchezo wa kukisia, wananishinda.

Leo asubuhi: vizibo kumi na moja nimevipita bila kufukua. Cha kumi na mbili nikaona kinakoroma kidogo, nikasema nifukue tu nijiridhishe. Senti tano ya 1966, ile ya samaki, na chini yake kizibo.

---

Chizi Karanga

Inavuta mchele?